"Pole sana, lakini angalau hukumzoea": jibu kwa msomaji aliyechomwa na maneno ya watu

Swali:

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 31. Mwaka jana mtoto wangu alifia tumboni, ujauzito ukiwa na miezi saba. Niliporudi kazini, mwenzangu tunayekaa meza jirani aliniambia, 'Pole sana, lakini angalau hukumzoea.' Najua hakuwa na nia mbaya, ila mpaka leo nikimwona nasikia sentensi ile. Majuzi nikaweka picha mtandaoni, nimevaa gauni jipya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kujisikia kupiga picha. Wengi wakanipongeza. Mmoja akakomenti, 'Tumbo tuliliona, mtoto yuko wapi?' na emoji tatu za kicheko. Ana jina lake halisi na picha yake halisi, na tulisoma wote. Sikulala. Sasa aibu yangu ni hii: wiki hiyohiyo kuna mama nisiyemjua aliandika kwamba amechoka, mtoto wake halali usiku. Nikamwandikia, 'Kama umechoka naye, wagawie wanaomtaka.' Nikapata laiki 60. Nimeshaifuta, lakini najua aliisoma. Je, mimi ni mwepesi wa kuumia? Kwa nini watu husema maneno kama haya? Na niwafanye nini hawa wawili, na yule niliyemuumiza mimi?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole.

Neno hilo nimeliacha lisimame peke yake makusudi. Nitalirudia.

Nianze na swali lako jepesi ili tulitoe njiani. Hapana, wewe si mwepesi wa kuumia. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizofanywa na watu mbalimbali, za ndoa, za kumbukumbu, za kujifunza, za namna tunavyowapima watu tunaokutana nao kwa mara ya kwanza, na karibu kila walipogusa walikuta jambo lilelile: baya lina uzito kuliko jema la ukubwa uleule. Ni urithi wa zamani. Aliyesahau palipo na matunda alilala na njaa siku moja. Aliyesahau palipo na nyoka hakuipata siku ya pili. Kwa hiyo pongezi zote zile chini ya picha yako zilipita, komenti moja ikaganda, na hakuna kasoro ya tabia hapo. Mtu akikwambia "usijali maneno ya watu", msamehe tu, naye anaropoka.

Maneno uliyonipa ni matatu, na yamekuumiza yote kwa namna inayofanana, ndiyo maana umeyaweka kwenye kapu moja. Mimi ningeyatoa. Wengi hupima neno baya kwa uchungu waliousikia, kisha wanashangaa kwa nini jibu walilolitoa halikusaidia kitu. Mimi hupenda kuuliza swali jingine kwanza: neno hili lilikuwa linasemwa kwa nani? Nani alikusudiwa kulisikia? Ukilijibu hilo, mengi hujipanga yenyewe.

Tumchukue mwenzako wa kazini. Alikuwa anasema na wewe, macho kwa macho, hakuna mwingine. Hapo tuko kwenye nchi ya kuropoka, na kuropoka kuna historia yake. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yetu haibebi habari yoyote. "Leo jua kali." "Umepotea sana." Hakuna anayejifunza kitu hapo. Sauti inatolewa ili kuziba ukimya, kwa sababu mtu akikutana na mwenzake asiyesema kitu huingiwa na wasiwasi. Anayetangulia kusema chochote anatangaza kwamba kuna amani kati yao. Kazi hiyo ni muhimu, siidharau. Tatizo ni kwamba mazungumzo ya aina hii huokota kilicho karibu. Kilicho karibu kikiwa jua, hakuna anayeumia. Kikiwa mwili wako, kidole kisicho na pete, au tumbo lililokuwepo mwezi juzi, mtu ataokota hichohicho. "Umenenepa!" "Mbona umekonda, unaumwa?" "Bado tu hujaolewa?" "Huyu mmoja anataka mwenzake, mnangoja nini?" Wengi wanaouliza hivyo hawangoji jibu. Jaribu siku moja kumjibu kwa urefu, kwa ukweli wote, uone atakavyoanza kutafuta funguo zake mfukoni.

Msiba wa kawaida una maneno yake, na mfariji huja nayo yakiwa tayari mdomoni. Mtoto ambaye hakuvuta pumzi hana maneno hayo. Si kwamba ni jambo la nadra: kwa hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 2 kila mwaka duniani hufia tumboni au wakati wa kuzaliwa, ujauzito ukiwa umefikisha wiki 28 au zaidi. Umri wa ujauzito wako. Lakini mtu hajui atumie kauli ipi, hajui kama aulize jina, hajui kama ni msiba au ni "ugonjwa". Akili yake inapekua haraka, inatoka na "angalau".

Kuna utafiti mmoja wa mwaka 1986 ambao huwa naurudia kila nikipata barua kama yako. Darrin Lehman, John Ellard na Camille Wortman waliwahoji watu waliofiwa na mwenzi au mtoto katika ajali za magari, wakawauliza ni kipi walichoambiwa au kufanyiwa kiliwasaidia, na kipi kiliwaumiza. Kilichosaidia: mtu kuwepo, kupewa nafasi ya kusema, kukutana na mwingine aliyepitia hayo. Kilichoumiza: ushauri, kuharakishwa wapone, msiba kupunguzwa ukubwa, na lile la "najua unavyojisikia". Mpaka hapo hakuna jipya. Jipya lilikuwa upande wa pili. Watafiti waliwauliza pia watu ambao hawajawahi kufiwa hivyo: wewe ungemwambia nini mfiwa? Wakajibu vizuri kabisa. Wangesikiliza, wangekuwepo. Yaani wanajua! Maarifa wanayo, yakiwa mezani na mtu wa kuhoji. Kinachowashinda ni pale mfiwa mwenyewe anaposimama mbele yao, kwa sababu wanaogopa. Wanaogopa atalia, na wataonekana wao ndio waliomliza.

Sasa turudi kwenye "pole". Neno hili ni zuri kwa sababu halidai kitu. Halielezi sababu, halipimi ukubwa, halitabiri kesho. Mtu akisema pole akanyamaza, amemaliza kazi yote. Ila ukimya unaofuata baada ya pole ni mzito, na wachache wanauweza. Wengi hukimbilia "lakini", "angalau", "afadhali", "ndiyo dunia", "utapata mwingine". Itazame sentensi uliyoambiwa. Pole sana: maneno hayo mawili ni yako, ulipewa wewe. Kuanzia "lakini" na kuendelea ni ya mwenzako; hapo alikuwa anajifariji mwenyewe, na wewe ukatokea kuwa karibu ukasikia.

Nasema haya kwa kujua, si kwa kuhukumu. Nilikuwa tayari nimeifanya kazi hii ya ushauri miaka mingi, na watu walishanilipa kwa ajili ya maneno yangu, siku mwenzangu mmoja alipofiwa na baba yake. Mzee alikuwa ameugua kwa muda mrefu na yeye ndiye alikuwa akimgeuza kitandani usiku. Nikamkuta amesimama dirishani na kikombe. Nikasema pole. Kisha, sijui ni shetani gani, nikaongeza, "Sasa utapumzika." Alikiweka kikombe chini taratibu, akaniangalia, akasema, "Kwani nani kakwambia nilichoka?" Sikuwa na la kujibu. Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anauliza kweli. Nilidhani nampa nafuu, kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba baba yake alikuwa mzigo.

Kwa hiyo utamfanya nini mwenzako? Kwanza, jua kwamba haijapitwa na wakati. Watu wengi huniambia "sasa mwaka mzima umepita, nitaanzaje?" Utaanza hivi, siku ambayo hamna haraka na hakuna wa tatu: "Kuna neno uliniambia niliporudi kazini, kwamba angalau sikumzoea. Najua ulitaka kunifariji. Ila nilimzoea, alikuwa akinipiga teke kila usiku. Nilitaka ujue." Basi. Usimwombe chochote, usimpe mtihani. Angalia kilichomo: umesema neno lenyewe alilolisema, umempa nia njema aliyokuwa nayo, kisha umesahihisha ukweli. Hujasema "wewe huna huruma", maana ukimwambia hivyo ataanza kujitetea kuhusu tabia yake, na mtoto wako atasahaulika kwenye mazungumzo hayo kwa mara ya pili. Wengi wakiambiwa hivi huishiwa maneno, na mara nyingine ndiyo unayoipata ile pole isiyo na mkia.

Kama hujisikii kufanya hivyo, usifanye. Huna deni la kumfundisha mtu.

Na kwa vile maneno ya hivi yatakuja tena, maana watu wataendelea kukuuliza juu ya watoto, weka sentensi moja mdomoni mapema, uizoee kama mtu anavyozoea namba yake ya simu. "Hilo silizungumzii" inatosha. Au, "Unauliza kwa nini?" kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Sauti ya kawaida ndiyo dawa yenyewe. Ukiuliza kwa kejeli umeanzisha vita, ukiuliza kwa utulivu mtu hulazimika kulisikia swali lake mwenyewe likirudi. Wengi hujibu, "Aah, basi tu."

Kuna wawili ambao sitawapa nafasi kubwa hapa. Mmoja husema kila neno la kukera kisha anajitetea, "Mimi ni mkweli, sipendi unafiki." Mwangalie kwa mwezi mmoja: ukweli wake haujawahi hata siku moja kuwa wa kumsifu mtu. Wa pili hupiga, na akiona damu anasema alikuwa anatania. Utani una sharti, kwamba anayetaniwa aweze kuurudisha kwa uzito uleule na wote wakacheka. Mtu akirudia baada ya kuambiwa mara moja wazi kwamba neno hili linaumiza, tusiite tena kuropoka.

Huyu wa mtandaoni ni habari nyingine kabisa.

Isome tena komenti yake, taratibu, kama unasahihisha insha ya mwanafunzi. "Tumbo tuliliona, mtoto yuko wapi?" Tuliliona. Nani hao "tu"? Kama angekuwa anataka kujua mwanao yuko wapi, mlisoma pamoja, angekuandikia faragha: "Habari za siku, vipi mtoto?" Hakufanya hivyo. Alikupa mgongo akawageukia waliokusanyika. Kile kiambishi kidogo, "tu-", kinawaita watazamaji wasimame upande wake, na emoji tatu zinawaonyesha wapi pa kucheka. Wewe hukuwa msikilizaji wake. Ulikuwa jukwaa.

Inawezekana pia hakujua kwamba mtoto alifariki. Mtandaoni watu hujibu picha, hawajibu mtu. Lakini asiyejua hunyamaza au huuliza kwa siri, kwa hiyo kutojua kwake kunampunguzia kosa, hakumfutii.

Limekushangaza kwamba ana jina halisi na picha halisi. Linawashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kusema uchafu wa mtandaoni unaletwa na akaunti feki. Korea Kusini waliliamini hilo mpaka wakalitungia sheria: kuanzia 2007, tovuti kubwa zilitakiwa kuhakiki utambulisho wa mtu kabla hajaandika maoni. Lugha chafu haikwisha. Kilichotokea ni kwamba tovuti zikawa zimelundika taarifa binafsi za watu, na mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji milioni 35 kwa mpigo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria kwa kauli moja. Mwaka huohuo watafiti wawili wa Israel, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walichapisha jaribio lililonisaidia kuelewa. Waliwakalisha watu wasiojuana wawiliwawili wajadiliane jambo gumu kwa maandishi, wengine majina yakijulikana, wengine hapana, wengine wakionana, wengine hapana, na baadhi wakiwa na kamera iliyowawezesha kutazamana machoni. Kilichochochea ukali kuliko vingine vyote kilikuwa kukosa kutazamana macho, na kuficha jina kulikuja nyuma yake.

Fikiria lile jambo la mezani kazini. Mwenzako aliropoka, lakini nina hakika aliona uso wako ulivyobadilika, na huenda ndiyo maana hajalirudia. Huyu wa pili hakuona kitu. Macho yako yalipojaa, yeye alikuwa ameshasogea kwenye picha ya mtu mwingine.

Haya, la kufanya. Usijibu ndani ya saa za kwanza, na hasa usijibu usiku. Waombe na rafiki zako wasikupiganie pale chini. Kila jibu la hasira wanalomwandikia linaipandisha komenti juu, kwa sababu mitandao mingi hutanguliza yanayozozaniwa. Kama unataka iondoke, ifute bila kutangaza. Ukurasa ni wako. Kuna watu wanaodhani kufuta komenti ni woga au ni kuogopa ukweli. Mtu akija sebuleni kwako akatema mate sakafuni, unapiga deki, huiti mkutano. Kwenye Facebook unaweza pia kuificha, ila ujue kwamba yeye na marafiki zake wataendelea kuiona. Instagram tangu 2019 ina njia ya kumwekea mtu kizuizi bila yeye kujua: anaendelea kukomenti, anaiona komenti yake mwenyewe, wengine hawaioni mpaka wewe uiruhusu. Mimi naipenda njia hii kwa watu wa aina yake, kwa sababu inamwondolea hadhira na kumwachia mdomo wake.

Ukiona ni lazima kujibu hadharani, jibu mara moja, na uwaandikie wanaosoma, si yeye. "Mtoto wetu alifariki kabla ya kuzaliwa. Asanteni wote mliokuwa nasi." Usitaje jina lake, usiulize swali, maana swali ni mlango.

Kwa kuwa mnafahamiana, mimi ningemwandikia faragha pia: "Mtoto alifariki ujauzito ukiwa na miezi saba. Komenti yako niliisoma usiku ule." Sentensi mbili. Sehemu hii ya faragha ina kazi moja, kumrudishia uso wako aliokuwa haoni. Akiwa muungwana ataomba radhi na ataona haya. Akikujibu kwa kicheko kingine, au kwa "kwani mimi nimesema nini", umepata taarifa ulizohitaji. Mbloku, na usimwandikie barua ya kuagana.

Nikumbushe tu kwamba haya yote ni ya kejeli na ufidhuli. Siku mtu akivuka akaanza kukutisha, kukufuatilia akaunti hadi akaunti au kusambaza picha zako, usifute kitu. Piga skrinishoti zenye jina la akaunti, tarehe na kiungo, ripoti kwa mtandao wenyewe, kisha peleka polisi. Hilo ni kosa la jinai na lina utaratibu wake.

Tumebaki na wewe.

Nimefurahi kwamba umeliandika, kwa sababu ungeweza kuliacha na mimi nisingejua. Mwaka 2017 Justin Cheng na wenzake kutoka vyuo vikuu vya Stanford na Cornell walitaka kujua kama komenti za kukera huandikwa na kundi fulani la watu wenye roho mbaya, au zinaweza kuandikwa na yeyote. Waliwapa watu mtihani, wengine rahisi, wengine mgumu wa kuwatibua, kisha wakawasomesha makala na kuwaomba watoe maoni. Baadhi walikuta juu yao komenti za kistaarabu, wengine walikuta za matusi. Kwa waliokuwa wametulia na kukuta ustaarabu, asilimia 35 ya komenti zao zilikuwa za kukera. Kwa waliokuwa wametibuliwa na kukuta matusi, ilipanda hadi 68. Mtu yuleyule wa kawaida, akiwa na siku mbaya na mfano mbaya mbele yake. Walipoangalia mamilioni ya komenti halisi za tovuti ya habari, waliona pia kwamba uchafu huongezeka usiku sana.

Wewe ulikuwa hujalala, umetoka kuchomwa na komenti, kisha simu ikakuletea mama anayelalamikia kitu ambacho ungetoa chochote ukipate: mtoto anayelia usiku. Naelewa kabisa ilivyotokea. Yeye anaelewa nini? Yeye aliona jina asilolijua likimwambia hastahili mwanawe, saa ambayo huenda alikuwa amemshika huyohuyo mwana begani. Na zile laiki 60 zikamthibitishia kwamba wengine wanakubali. Utakumbuka nilivyosema juu ya "tuliliona". Wewe hukutumia "tu-", lakini hadhira ilikuja vilevile, na nadhani laiki zile, kwa saa moja hivi, zilikupa nafuu. Ungekuwa hujisikii vizuri hata kidogo usingezihesabu. Sikusemi, ndivyo chambo kinavyofanya kazi, na ndivyo kilivyofanya kazi kwa yule mliyesoma naye.

Mwaka 2021 Twitter walieleza matokeo ya jaribio lao: mtu akiandika jibu lenye lugha kali, simu inamuuliza kama angependa kulipitia tena kabla ya kutuma. Asilimia 34 ya walioulizwa walilibadilisha au wakaacha kulituma. Swali moja tu, kutoka kwa mashine. Mimi huwashauri watu njia ya zamani zaidi: ukishaandika, isome kwa sauti, kwa mdomo, hata kama uko peke yako chumbani. "Kama umechoka naye, wagawie wanaomtaka." Isome sasa hivi. Jicho hupitisha mambo ambayo sikio linayakataa.

Kuhusu kumwomba radhi: ndiyo, mwombe, na iwe faragha, kwa kuwa komenti umeshaifuta na kuirudisha hadharani ni kumuumiza upya mbele ya watu. Hapa kuna mtego mmoja, na wewe ndiye uliye karibu zaidi kuuingia. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Marekani Susan Silk, akiandika na Barry Goldman, alieleza jambo lililompata alipokuwa na saratani ya matiti. Mfanyakazi mwenzake alitaka kumtembelea akiwa hoi baada ya upasuaji, yeye akasema hawezi kupokea wageni, mwenzake akamwambia kwamba jambo hili si lako peke yako. Saratani iko kwenye titi lake, lakini si lake peke yake! Akachora duara, aliye na shida katikati, wa karibu naye duara linalofuata, na kuendelea nje. Faraja ielekee ndani. Malalamiko yaelekee nje, kwa walio mbali zaidi na shida kuliko wewe.

Kwenye msiba wako, wewe ndiye katikati, na mwenzako wa kazini alimwaga hofu yake kuelekea ndani. Kwenye uchovu wa yule mama, katikati ni yeye. Kwa hiyo usimpelekee mtoto wako. Najua utatamani kumweleza, ili ajue wewe si mtu mbaya, na kila neno utakalosema litakuwa la kweli. Lakini ukimwambia "nilifiwa na mtoto, ndiyo maana", atalazimika kukupa pole yeye, na hasira yake halali haitakuwa na pa kwenda. Msiba wako ulete kwangu, kwa mumeo au mama yako kama wapo, kwa mwanamke mwingine aliyepitia hayo. Huyo wa mwisho nakusihi umtafute, wale waliohojiwa mwaka 1986 walimtaja.

Mwandikie hivi, au kwa maneno yako lakini yasiwe marefu kuliko haya: "Siku chache zilizopita niliandika chini ya posti yako kwamba uwagawie mtoto wanaomtaka. Lilikuwa neno la kikatili na hukustahili. Nimelifuta. Naomba radhi. Natumaini umepata usingizi." Ukimaliza, kagua kama kuna "lakini" popote, ukiikuta iondoe pamoja na kila kinachoifuata.

Ujumbe wa mtu asiyefahamika mara nyingi huangukia kwenye kisanduku cha maombi, pembeni, na huenda akaufungua baada ya miezi, au asiufungue kabisa. Utume hata hivyo, mchana, kisha simu ikae chumba kingine usiku huo.